Bath kwa treni kutoka London: jinsi ya kuipanga siku moja ikutoshe

Bath ni mji mdogo wa magharibi mwa Uingereza, na umezaliwa na maji. Kila siku lita zaidi ya milioni moja za maji moto, yenye joto la nyuzi 46, hububujika katikati ya mji. Warumi waliyakuta hivyo, wakayajengea hekalu na mabafu. Karne ya 18 Waingereza wakaja kuyazungushia mji mzima wa mawe ya rangi ya asali. UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka 2021 ikautaja kwa mara ya pili pamoja na miji mingine 10 ya Ulaya inayojulikana kwa maji ya tiba.

Kutoka London ni mwendo wa takriban saa moja na nusu kwa treni, na ukishuka, karibu kila kitu unakifikia kwa miguu. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Wanaamka, wanakata tiketi ya treni palepale stesheni kwa bei ya juu, wanafika mjini mchana, wanakuta nafasi za kuingia zimejaa hadi jioni, wanaishia kuzunguka madukani na kupiga picha mbele ya kanisa.

Ushauri wangu ni kuipanga siku kwa kuanzia na maji. Amua kwanza kama unataka kuyaona, kuyaoga, au yote mawili, na saa ngapi. Treni, chakula na matembezi vitafuata. Halafu, kwa sisi wa Afrika Mashariki, safari hii inagusa habari mbili za kwetu ambazo watalii wengi huzipita bila kujua. Nitakuonyesha ni wapi.

Hatua ya 1: Chagua siku

Siku nzuri kuliko zote ni Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa hazijafungwa. Bei za kuingilia huwa chini kuliko za wikiendi na unapata nafasi ya kusimama mbele ya kitu ukakitazama.

Jumamosi si mbaya, ila angalia kwanza kama timu ya raga ya Bath inacheza nyumbani. Uwanja wao uko kando ya mto, hatua chache kutoka katikati ya mji, na siku ya mechi treni hujaa kwelikweli. Jumapili tatizo ni matengenezo ya reli: mara nyingine kipande cha njia hufungwa na abiria wakahamishiwa kwenye mabasi, safari ikarefuka. Tazama ratiba ya National Rail wiki moja kabla, kisha itazame tena usiku wa kuamkia safari. Kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Desemba kuna soko la Krismasi. Linapendeza, lakini mtu anayetaka kutembea kwa nafasi asiende wakati huo.

Kuhusu majira, kumbuka tu kwamba Desemba jua linazama saa kumi jioni, wakati Juni mwanga unadumu hadi baada ya saa tatu usiku. Mvua inaweza kunyesha siku yoyote ya mwaka. Vaa viatu visivyoteleza, maana mawe ya Bath yakilowa yanateleza.

Hatua ya 2: Amua kuhusu maji

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Kuna sehemu mbili tofauti, na kila moja ina tiketi yake.

Ya kwanza ni Roman Baths, yaani mabafu ya kale ya Warumi. Hii ni makumbusho. Unaingia, unatembea kando ya bwawa, unaona mvuke ukipanda, lakini huogi na hutakiwi hata kutia mkono majini. Sababu yake ni nzito. Mwaka 1978 msichana mmoja aliyeogelea katika bwawa lililokuwa likitumia maji ya chemchemi hiyo alifariki kwa ugonjwa wa ubongo uliosababishwa na kiumbe mdogo aitwaye Naegleria fowleri. Kuoga kukasimamishwa mji mzima.

Ya pili ni Thermae Bath Spa, iliyofunguliwa mwaka 2006. Hapa ndipo unapooga. Maji ni yaleyale ya ardhini, ila huvutwa kutoka kina kirefu kwa bomba na kusafishwa kabla ya kuingia bwawani. Kuna bwawa la chini ndani ya jengo na kuna la juu ya paa, ambalo ndilo linalowavuta watu: umezama hadi mabegani katika maji ya uvuguvugu huku ukitazama mnara wa kanisa na vilima vinavyouzunguka mji. Muda wa kawaida wa kikao ni saa mbili. Walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kwenye mabwawa hayo makuu, kwa hiyo familia yenye watoto wadogo iondoe kabisa jambo hili kwenye mpango wake, au wazazi wapokezane. Wanaume na wanawake huogelea pamoja na vazi la kuogelea ni lazima. Anayependa kujisitiri zaidi awaandikie mapema kuuliza aina ya vazi wanayokubali, ili asije akakwamia mlangoni.

Ukiwa na watoto, au ukiwa unapenda historia, chukua Roman Baths peke yake, uingie asubuhi. Mkiwa watu wazima wawili au watatu, fanyeni yote mawili: Roman Baths asubuhi, Thermae jioni. Usigeuze mpangilio huo. Mtu aliyekaa saa mbili katika maji moto huwa mlegevu, na hana tena nguvu ya kupanda mlima wala ya kusoma maandishi ya kwenye kuta.

Tiketi za sehemu zote mbili nunua mtandaoni kabla ya kusafiri. Ya Roman Baths hubadilika bei kulingana na siku na msimu, na watoto wadogo sana huingia bure. Zote mbili hufungwa tarehe 25 na 26 Desemba.

Hatua ya 3: Kata tiketi ya treni

Treni zinatoka stesheni ya London Paddington na kituo chako ni Bath Spa. Usichague Oldfield Park, ambacho ni kituo kidogo cha mtaani upande wa pili wa mji. Kampuni inayoendesha njia hii ni Great Western Railway, na kwa kawaida treni ni mbili kila saa.

Onyo la kwanza: ile kadi ya benki unayogusisha getini ukipanda treni za London haifiki Bath. Kwenye njia hii inaishia Reading, na kadi ya Oyster, ile ya usafiri wa London, haifiki hata huko. Ukigusa Paddington ukakaa kitini hadi Bath, umesafiri bila tiketi halali, na faini yake itakuharibia siku. Kata tiketi kamili ya kwenda na kurudi, iwe ya karatasi au ya kwenye simu.

Tiketi ziko hasa za aina tatu. Advance ni ya bei nafuu lakini inakufunga kwenye treni moja tu uliyoichagua. Ukiichelewa kwa uzembe wako, imekwenda. Off-Peak inakuruhusu kupanda treni yoyote nje ya saa za msongamano. Anytime inakubali treni zote, na bei yake ni ya kutisha. Kwa safari ya siku moja mimi napendelea Advance ya asubuhi kwa kwenda, kwa sababu saa ya kuondoka nyumbani unaiamua mwenyewe, na Off-Peak kwa kurudi, kwa sababu hujui jioni utamaliza saa ngapi. Linganisha tu kwanza na bei ya Off-Peak ya kwenda na kurudi, maana siku nyingine hiyo huwa rahisi kuliko kununua vipande viwili.

Katikati ya wiki, treni za asubuhi sana huangukia saa za msongamano. Ukiondoka kama saa tatu na nusu, yaani 09:30 kwenye ratiba, bei inashuka. Wikiendi kizuizi hicho hakipo, ondoka saa mbili ukitaka.

Njia za kupunguza nauli ni nyingi, na ni makosa kuziacha. Mwenye kadi ya punguzo ya reli, ile inayoitwa Railcard, analipa pungufu kwa theluthi moja. Zipo za vijana, za wazee, za watu wawili wanaosafiri pamoja, za familia. Mkiwa watu wazima kuanzia watatu hadi tisa, ulizia GroupSave, inayopunguza theluthi hiyohiyo nje ya saa za msongamano bila kadi yoyote. Watoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu na walio chini ya miaka 5 ni bure. Kuna pia kugawanya tiketi: unanunua moja ya London hadi Didcot Parkway na nyingine ya Didcot Parkway hadi Bath Spa, ukae kwenye behewa lilelile bila kushuka. Ni halali, mradi treni yenyewe inasimama Didcot, na zipo ambazo hazisimami. Hakikisha kwenye ratiba kabla ya kulipa.

Nunua kwenye tovuti au programu ya kampuni ya reli yenyewe. Baadhi ya mawakala wa mtandaoni huongeza ada yao juu, na bei ya msingi haina tofauti yoyote. Omba na nafasi ya kiti, hailipiwi. Chagua upande wa kulia kwa kuelekea mbele, sababu utaiona mwenyewe mwisho wa safari.

Hatua ya 4: Paddington, na kilicho njiani

Fika nusu saa kabla. Paddington inafikika kwa Elizabeth line, Bakerloo, District, Circle na Hammersmith & City, na atokaye uwanja wa ndege wa Heathrow anafika moja kwa moja. Jukwaa hutangazwa dakika chache tu kabla ya treni kuondoka, kwa hiyo simama pale unapouona ubao. Treni yako ni ile inayokwenda Bristol Temple Meads. Zinazokwenda Cardiff au Swansea hupitia Bristol Parkway, ambako ni njia nyingine isiyogusa Bath. Majina yanafanana, na mtu mwenye haraka hukosea kirahisi. Soma orodha ya vituo kwenye ubao hadi uione Bath Spa.

Beba chai yako na kitu cha kutafuna. Reading, Didcot na Swindon unaweza kuzipita ukisinzia. Ila baada ya Chippenham weka simu chini.

Unakaribia handaki la Box. Mhandisi Isambard Kingdom Brunel, ndiye aliyejenga reli hii kutoka London hadi Bristol, alitoboa kilima kwa urefu wa karibu kilomita 3, kazi iliyokamilika mwaka 1841. Ilifanywa kwa baruti, sururu na mikono, na inakadiriwa kuwa wafanyakazi wapatao 100 walipoteza maisha humo.

Si mbali na mdomo wa mashariki wa handaki hilo kuna kijiji cha Neston, na hapo ndipo inapoingia habari ya kwanza inayotuhusu. Mwaka 1857 wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walianza safari ya bara kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo. Walipita Kazeh, ambayo leo ni Tabora, wakapokewa na wafanyabiashara Waarabu, na Februari 1858 wakafika Ujiji. Wakati wa kurudi Burton alibaki Kazeh. Speke akaenda kaskazini akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa ameuzwa utumwani hadi India kisha akarudi pwani akiwa huru, na ambaye bila yeye kuzungumza na watu kusingewezekana. Mwanzoni mwa Agosti wakaliona ziwa Nyanza, upande wa Mwanza. Speke akatangaza kwamba hicho ndicho chanzo cha Nile, akalipa ziwa jina la malkia wake. Burton akapinga. Uhasama wao ukakua hadi wakapangiwa kulizungumzia jambo hilo mbele ya wanasayansi, tarehe 16 Septemba 1864, mjini Bath.

Mdahalo haukufanyika. Alasiri ya tarehe 15 Speke alikwenda kuwinda kware katika shamba la jamaa zake hapo Neston, bunduki yake ikafyatuka wakati anavuka ukuta mfupi wa mawe, akafa. Alikuwa na miaka 37. Kesho yake watu walikuwa wamekusanyika Bath, Burton yupo, ndipo taarifa ikasomwa. David Livingstone naye alikuwa mjini kwa mkutano huohuo. Kwa hiyo ziwa ambalo wavuvi wa Ukerewe na wa Buganda walikuwa wakilijua kila ghuba lilikuwa linasubiri kuamuliwa na ukumbi wa Wazungu, katika mji huu unaokaribia kuingia. Usikose kuyawaza hayo wakati kioo cha behewa kinapogeuka cheusi.

Ukitoka upande wa pili wa handaki, bonde la mto Avon linafunguka, na dakika chache baadaye, kulia kwako, nyumba za mawe zimepangana kwenye miteremko na mnara wa kanisa kuu unasimama katikati. Ndiyo sababu ya kile kiti.

Hatua ya 5: Kutoka stesheni hadi bwawani

Huhitaji teksi. Toka nje, fuata Manvers Street moja kwa moja, inageuka kuwa Pierrepont Street, kisha kata kushoto kuelekea mnara wa kanisa. Ni kama dakika kumi za kutembea polepole. Roman Baths na kanisa vinatazamana katika uwanja mmoja.

Tiketi uliyonunua ina saa ya kuingia. Iweke dakika 45 hadi saa moja baada ya treni kufika, ili ucheleweshaji mdogo usikuvuruge. Tenga saa mbili kamili kwa ndani. Utapewa kifaa cha sauti cha maelezo bila malipo ya ziada. Wengi hukimbilia bwawa kubwa, wakapiga picha, wakatoka. Wewe nenda kinyume chao: salimia bwawa kwa juu, kisha teremka taratibu kwenye makumbusho.

Maji haya yalikuwa mvua iliyonyesha zamani sana, ikazama kilomita kadhaa ardhini, ikapata moto huko chini na kurudi juu kupitia nyufa za miamba. Wenyeji wa kabla ya Warumi walimwabudu hapa mungu wao wa kike, Sulis. Warumi hawakumfukuza. Walimuunganisha na Minerva wao, wakauita mji Aquae Sulis, maji ya Sulis. Bwawa kubwa lina kina cha mita 1.6, na sakafu yake imetandikwa mabamba 45 ya risasi yaliyowekwa na Warumi na ambayo bado yanazuia maji. Rangi ya kijani inatokana na mwani unaoota kwa sababu ya jua. Enzi za Warumi bwawa lilikuwa na paa, na maji hayakuwa ya kijani.

Tafuta mfereji wa Kirumi unaopeleka maji ya ziada mtoni. Utayasikia kabla hujayaona. Yanaporomoka chini ya tao la mawe lililogeuka rangi ya chungwa kwa madini ya chuma, mvuke unakupiga usoni, na joto lake unalihisi kwenye miwani. Kwangu mimi hapo ndipo mahali bora kuliko pote ndani ya jengo.

Halafu simama kwenye vibao vya laana. Vimepatikana takriban 130, vipande vidogo vya risasi na bati ambavyo watu waliviandika, wakavikunja na kuvitupa katika chemchemi ili mungu avisome. Wengi wao walikuwa wameibiwa. Mmoja aitwaye Docilianus aliibiwa joho lake lenye kofia, akamwomba Sulis amnyime mwizi usingizi na watoto, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au huru, mpaka alirudishe joho hekaluni. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa anaijua halbadiri na anajua nani husomewa.

Kabla ya kutoka kuna bomba la kuonja maji. Ni ya uvuguvugu na yana ladha ya chuma. Onja, funda moja latosha.

Hatua ya 6: Kanisa, chakula, sala

Ukitoka, tazama uso wa Bath Abbey, upande wa mlango mkuu. Malaika wa mawe wanapanda ngazi kwenda mbinguni, na ukichungulia vizuri wako wanaoshuka kichwa chini. Kanisa hili lilianza kujengwa mwaka 1499. Kabla yake palikuwa na jingine, ambamo Edgar alivishwa taji la ufalme wa Uingereza mwaka 973. Siku hizi jengo linapashwa joto na maji ya chemchemi ileile. Kuingia kunalipiwa, na kama muda ni mfupi, uso wa nje umekutosha.

Chakula cha mchana kula mapema, kabla ya saa saba, au subiri baada ya saa nane. Katikati hapo foleni ni ndefu. Sally Lunn's, nyumba kuukuu kwenye kichochoro cha North Parade, inasifika kwa mkate wake mwepesi mkubwa kama sahani. Ni mzuri, ila anayetaka kubana matumizi anunue chakula dukani karibu na stesheni akale kwenye benchi kando ya mto. Kwa Waislamu, msikiti uko Pierrepont Street, mtaa uleule uliopita ukitoka stesheni. Adhuhuri inaingia vizuri kabisa katika ratiba hii.

Hatua ya 7: Alasiri, chagua njia moja

Sasa una saa tatu hivi. Ziko njia mbili, na zote mbili kwa pamoja hazitoshei.

Njia ya kwanza ni ya kupanda. Fuata Milsom Street, pinda Gay Street, upande hadi The Circus, nyumba 33 zilizojengwa kwa duara kamili. John Wood baba aliianza mwaka 1754 na mwanawe akaimalizia. Songa mbele kwa Brock Street, na mwisho wake mtaa unafunguka ghafla kwenye Royal Crescent: nyumba 30 zilizoungana katika nusu duara, zikitazama uwanja wa majani, kazi ya John Wood mwana kati ya 1767 na 1775. Nyumba namba 1 ni makumbusho ya maisha ya matajiri wa enzi hizo, na inafaa kuingia, hasa kwa kuona jikoni walikofanya kazi watumishi. Wakati unasifu mawe haya, kumbuka kwamba sehemu ya fedha iliyoujenga na kuustarehesha mji huu ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibi yaliyolimwa na Waafrika watumwa. Mnara wa Beckford, kwenye kilima cha Lansdown, ni wa mtu ambaye utajiri wa familia yake ulitoka Jamaika. Rudi chini hadi Pulteney Bridge, daraja la 1774 lenye maduka pande zote mbili, utazame maji yakianguka kwenye ngazi za mto.

Mwenye hamu ya nyota anaweza kupitia nyumba ya William Herschel, New King Street namba 19. Katika bustani ya nyumba hiyo, Machi 1781, aliigundua sayari ya Uranus kwa darubini aliyoiunda mwenyewe.

Njia ya pili ndiyo ninayokusihi uifikirie. Panda basi la kuelekea Newbridge, magharibi mwa mji, hadi Fairfield House iliyoko Kelston Road. Hapa ndipo alipoishi Mfalme Haile Selassie uhamishoni. Italia ilipoiteka Ethiopia mwaka 1936, aliondoka, akahutubia Umoja wa Mataifa wa wakati ule kule Geneva tarehe 30 Juni, na Agosti akafika Bath kwa ajili ya maji ya tiba. Akainunua nyumba hii, akakaa na familia yake na wasaidizi wake katika baridi ya Uingereza hadi Juni 1940 aliposafirishwa kwenda Sudan. Tarehe 5 Mei 1941 aliingia Addis Ababa. Askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa miongoni mwa waliopigana kumrudishia nchi yake, na ndugu zetu wengi wana babu aliyepita Ethiopia katika vita ile. Mwaka 1954 Bath ilimpa heshima ya mji, na mwaka 1958 aliitoa nyumba yake kwa mji iwatunze wazee. Hadi leo wazee wa jamii za wachache hukutana humo. Anayepita kila siku Haile Selassie Avenue ya Nairobi, au barabara ya jina hilo Dar es Salaam, atasimama kwenye bustani hii akiwa na mengi ya kuwaza. Haiko wazi kila siku, kwa hiyo angalia siku za wageni kwanza, na ikibidi ndiyo iamue tarehe ya safari yako yote.

Hatua ya 8: Kuoga

Kama umelipia Thermae, panga kuingia kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Bei inajumuisha taulo, joho na ndala, kwa hiyo mzigo wako ni vazi la kuogelea na mfuko wa plastiki wa kulirudishia likiwa bichi. Anza na bwawa la chini, kisha panda paani mwanga unapoanza kupungua. Kunywa maji mara kwa mara. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mimba aulize daktari wake kabla ya kulipa. Ondoka majini dakika 20 kabla ya kikao kwisha, maana vyumba vya kubadilishia nguo hujaa kwa pamoja, na kutoka na nywele mbichi kwenye baridi ni kujitafutia mafua.

Hatua ya 9: Kurudi

Kutoka Thermae hadi stesheni ni chini ya dakika kumi. Usilenge treni ya mwisho. Lenga ile iliyo mbele yake kwa angalau saa moja, ili ikifutwa uwe na nyingine. Kama treni ya karibu ya London imefutwa, zipo za kwenda Bristol Temple Meads, dakika chache tu, na huko unaweza kupata nyingine, ila uliza kwanza wafanyakazi wa stesheni kama tiketi yako inakubalika kuzunguka hivyo.

Tunza tiketi hadi nyumbani. Ukifika London ukiwa umechelewa dakika 15 au zaidi, una haki ya kurudishiwa sehemu ya nauli kwa utaratibu wa Delay Repay, bila kujali chanzo cha ucheleweshaji. Fomu ni ya mtandaoni na unayo siku 28 za kuijaza. Jaza kesho yake, ukiwa bado unakumbuka ulipanda treni ya saa ngapi.